Kwa mnaoanza kuandika madaraja ya chini ya soka la Ukraine

Wiki hii imefika tena mezani kwangu habari inayosema Poltava ilishuka na kupanda daraja ndani ya msimu mmoja. Aliyeiandika ni kijana anayejituma, na tarehe zake zote zilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba alichanganya klabu mbili. Iliyoshuka mwaka 2025 ni Vorskla Poltava, klabu iliyokaa Ligi Kuu tangu 1996, iliyochukua Kombe la Ukraine 2009 kwa kuifunga Shakhtar na kucheza na Arsenal ya London kwenye makundi ya Europa League 2018. Ilipoteza mchujo mbele ya Kudrivka. Iliyopanda kipindi hicho hicho ni SC Poltava, klabu changa. Ipo pia ya tatu, FC Poltava, ambayo ilishavunjwa 2018. Mji mmoja, klabu tatu, na kila mwaka mmoja wenu anazitumbukiza zote kwenye aya moja.

Simsemi mtu mbele ya wenzake. Naandika ili wote mliojiunga na dawati karibuni msome kwa pamoja. Msimamo mnaujua kuusoma, kiporo mnakijua, na mnajua mkeka wa mtu unaweza kuchanika kwa mstari mmoja mlioupitisha haraka. Hayo siyarudii.

1. Jina halipandi daraja. Kwenye madaraja haya kuna jina, kuna kampuni iliyosajiliwa, kuna nafasi kwenye ligi, kuna mwenye fedha, na kuna mashabiki. Mkiona vitano hivyo viko pamoja, shukuruni, lakini msidhani vitabaki hivyo hadi msimu ujao.

Chukueni Veres ya Rivne. Msimu wa 2017–18 ilimaliza ya sita Ligi Kuu. Msimu uliofuata haikuwemo. Haikushuka kwa pointi: nafasi yake ilikwenda kwa FC Lviv, kwa makubaliano ya pande mbili. Ni kama nyumba ya kupanga, mpangaji kahama lakini namba ya mlangoni ni ile ile. Watu wa Rivne, waliokuwa wameisubiri Ligi Kuu kwa miaka mingi, waliamka wakakuta timu yao inaanza tena chini. Na ilianza kweli. Ikapanda ngazi moja moja, na 2021 ikarudi Ligi Kuu, ambako iliikuta FC Lviv bado ipo. Miaka miwili baadaye FC Lviv ikashuka, Veres ikabaki. Napenda sana kuisimulia habari hiyo, lakini huwezi kuisimulia kama umeandika kwamba Veres "ilishushwa" 2018. Hilo ni neno moja tu, na tayari umewanyima watu wa Rivne haki yao.

2. Persha Liha ni daraja la pili, Druha Liha ni la tatu, na chini yake ni ridhaa. Atakayeandika tena kwamba bingwa wa Persha Liha ndiye bingwa wa Ukraine, habari yake nitairudisha pale pale nilipofika.

3. Mkikuta majina mawili yanayofanana kwenye msimamo, msifute hata moja. Hapa naomba mnivumilie, maana kosa hili nililifanya mimi, na bado linaniuma.

Msimu wa 2021–22 ulikatishwa na vita na haukutoa bingwa. Agosti 2022 ligi ikarudi, viwanja vitupu, wachezaji wakikimbilia mahandaki kila king'ora kilipolia. Desna na Mariupol hazikuwemo tena. Kryvbas na Metalist zikaingizwa. Mwanzoni kabisa mwa msimu, Rukh iliikaribisha Metalist huko Lviv, na mechi ikasimamishwa mara kwa mara kwa tahadhari ya mashambulizi ya anga hadi ikachukua zaidi ya saa nne. Metalist ikashinda 2–1. Niliona mechi ile inastahili kuandikwa vizuri, nikakaa nayo.

Nikaandika historia. Kombe la Kisovieti 1988. Nafasi ya pili Ligi Kuu 2013. Kuondolewa Ligi ya Mabingwa mwaka huo huo kwa sababu ya mechi ya 2008 iliyopangwa matokeo. Mmiliki aliyekimbia nchi 2014. Mishahara kukauka, leseni kukosekana, klabu kufa 2016. Yote hayo yalikuwa kweli, na niliyapanga kwa utaratibu mzuri. Kisha nikashuka kwenye msimamo. Pale palikuwa na Metalist, na chini kidogo palikuwa na Metalist 1925. Kwa kuwa Metalist ilianzishwa mwaka 1925, nikaona aliyepanga takwimu ameandika timu ile ile mara mbili, mara ya pili akabandika na mwaka. Nikafuta mstari mmoja. Nilioufuta ni wa Metalist 1925. Tukachapisha msimamo wa timu 15 katika ligi ya timu 16.

Wa kwanza kupiga simu walikuwa watu wa mikeka, kama kawaida yao, na wala hawakuniumiza. Wao walitaka kujua timu waliyoiwekea fedha imekwenda wapi. Aliyeniumiza alikuja jioni. Alikuwa daktari, Mtanzania, aliyesoma udaktari Kharkiv miaka ile vijana wetu wengi walipokuwa vyuoni huko, na Jumamosi zake alikuwa uwanjani. Hakunitukana. Alinieleza kwa upole kwamba klabu ya zamani ilipokufa 2016, wako watu pale mjini waliokataa Kharkiv ikae bila mpira wake, wakaanzisha Metalist 1925, wakaanzia ligi ya ridhaa. Wakapita Druha Liha, wakapita Persha Liha, na 2021 wakafika Ligi Kuu. Hiyo Metalist nyingine, niliyoipamba kwa historia yote ile, ilikuwa klabu iliyoitwa Metal hadi 2021, alipoingia mmiliki wa zamani, si yule aliyekimbia nchi, na fedha zake na kuirudishia jina la kale.

Fikirini basi nilichofanya. Klabu mbili zilikuwa zinagombea urithi mmoja, na mimi, bila kuuliza mtu, nikaukata urithi wote nikampa mmoja, mwingine nikamfuta asionekane hata mkiani. Na nilifanya hivyo mwezi ambao Kharkiv ilikuwa ikipigwa makombora na watu wake wametawanyika Ulaya nzima. Baadhi yao huenda walikuwa wanaangalia matokeo ya Metalist 1925 kwa simu ili wajue angalau kitu kimoja cha nyumbani bado kipo. Yule daktari alisema ana marafiki wa namna hiyo, na kwamba hakuwapelekea habari yangu.

Nimelifikiria sana kosa lile. Haraka si sababu ya kweli, kwa sababu siku ile nilikuwa na muda wa kutosha. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba naijua Metalist. Nilijua mabao ya zamani, nilijua majina ya Wabrazili na Waargentina waliopita pale, na ujuzi huo ndio ulionizuia kuuliza kwa nini kuna mistari miwili. Asiyejua kitu angeuliza. Ninyi wageni mna faida hiyo kuliko sisi, na inanisikitisha mnapoificha kwa kuogopa kuonekana hamjui. Niulizeni. Hata kama nimekunja uso, niulizeni.

Habari ilisahihishwa asubuhi yake, na tukaomba radhi juu kabisa ya ukurasa. Tangu hapo nina daftari la klabu. Kila klabu ina ukurasa wake: ilisajiliwa lini, ilirithi nini na kwa nani, nafasi yake kwenye ligi ilitoka wapi, nani analipa mishahara. Lichukueni mnakili. Mtakuta Metalist ilishuka 2023 na Metalist 1925 ikashuka 2024, kisha 2025 ile ya 1925 ikarudi kwa mchujo. Kwa hiyo ukiandika leo kwamba "Metalist imerudi Ligi Kuu" bila mwaka mbele ya jina, umenirudisha Agosti ile.

4. Miji imebadilishwa majina: Kirovohrad ni Kropyvnytskyi na Dnipropetrovsk ni Dnipro, yote tangu 2016, na andikeni Kharkiv na Lviv, si Kharkov na Lvov.

5. Kabla ya kuandika "nyumbani", angalieni mechi imechezwa wapi. Wengi wenu mlilijifunza hili kwa Shakhtar, mlipomfuatilia Mtanzania mwenzetu Novatus Dismas msimu wa 2023–24 na kushangaa kwa nini timu ya Donetsk inaipokea Porto mjini Hamburg. Shakhtar haijacheza Donetsk tangu 2014. Sasa teremkeni madaraja, mtakuta hadithi ni hiyo hiyo bila ndege wala hoteli nzuri.

Tavriya Simferopol ndiyo bingwa wa kwanza wa Ukraine huru. Mwaka 1992, kwenye fainali huko Lviv, iliifunga Dynamo Kyiv 1–0. Baada ya Urusi kuichukua Crimea 2014, klabu ilivunjika. Mwaka 2016 ikafufuliwa Beryslav, mkoa wa Kherson, ikianzia chini: bingwa wa zamani wa nchi, bila uwanja wake, bila mji wake, akicheza na timu za wilaya. Halafu vita vya 2022 vikaufikia hata mkoa huo ilikokimbilia.

Na Desna ya Chernihiv. Mwaka 2020 ilimaliza ya nne Ligi Kuu na kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, ikatolewa na Wolfsburg. Machi 2022 uwanja wake ulipigwa mabomu. Msimu uliofuata klabu haikuwepo. Mwaka jana mmoja wenu aliandika kwamba Desna "ilijitoa kwa matatizo ya kiutawala". Hapana, mdogo wangu. Andika kilichotokea.

6. Msidharau vijiji. Kolos inatoka Kovalivka, kijiji chenye watu wasiofika 2,000, na tangu 2019 iko Ligi Kuu. Inhulets inatoka Petrove, mji mdogo wa wakulima, na mwaka 2019, ikiwa bado daraja la pili, ilifika fainali ya Kombe la Ukraine. Shakhtar waliifunga 4–0, na hakuna ubaya. Hakuna timu ya daraja hilo iliyokuwa imefika pale kabla yake. Ikapanda 2020, ikashuka 2023, ikapanda 2024, ikashuka 2025. Yohana Mkomola, yule kijana wetu aliyepitia Yanga, aliichezea kwa mkopo akitokea Vorskla, kwa hiyo msiniambie wasomaji wetu hawana sababu ya kuijua.

Elewa fedha ya vijiji hivi inatoka wapi, utaelewa kupanda na kushuka kwake. Nyingi ni fedha za kilimo: mwenye mashamba makubwa, au kampuni ya mbegu kama ile iliyo nyuma ya LNZ Cherkasy, anajenga uwanja mzuri, analipa mishahara kwa wakati, timu inapaa. Mimi huwaheshimu wamiliki hawa, wengi wao wanapenda mpira kweli na wamewapa watu wa kwao kitu cha kujivunia. Lakini mtu akilipa peke yake anaweza kuacha peke yake. Mavuno mabaya, bandari kufungwa, mke kukataa, basi. Ukiandika habari ya klabu ya kijiji bila kumtaja anayelipa, umeandika nusu.

7. Mwezi wa Julai msimwamini mtu. Pointi zinampa mtu haki ya kupanda. Leseni na akaunti ya benki ndizo zinazomfikisha. Desna ilipata nafasi ya kupanda uwanjani 2017 ikanyimwa leseni, ikalazimika kurudia kazi yote mwaka uliofuata. FC Poltava ilishinda mchujo 2018 dhidi ya Chornomorets, ikasherehekea, kisha ikavunjwa kabla ya kucheza hata dakika moja ya Ligi Kuu, na Chornomorets iliyokuwa imeshaaga ikaambiwa ibaki.

Mji wa Dnipro umepitia haya mara mbili. Dnipro ya zamani, bingwa wa Kisovieti mara mbili, ilicheza fainali ya Europa League 2015 huko Warsaw na kufungwa na Sevilla 3–2. Mwaka 2017 ilikuwa imetupwa Druha Liha kwa madeni, na 2019 ikaisha. Nafasi yake mjini ikachukuliwa na klabu mpya, SC Dnipro-1, iliyopanda kutoka Druha Liha hadi Ligi Kuu kwa misimu miwili na kumaliza ya pili nchini 2023. Kiangazi cha 2024 ikashindwa kupeleka timu kwenye Conference League, Puskás Akadémia wakapewa ushindi wa mezani nyumbani na ugenini, na ligi ya nyumbani nayo ikaanza bila yake. Sisi tulikuwa tumeshatoa kurasa mbili za utabiri wa msimu, na Dnipro-1 tumeiweka ya tano.

Kwa hiyo mwaka huu utabiri hautoki hadi raundi ya kwanza ichezwe, hata mhariri mkuu akiuomba. Na aliyeandika habari ya Poltava aje na ukurasa wa kila moja ya zile klabu tatu. Daftari liko droo ya juu.