Kiuno cha mbeba mizigo umri unaposogea

Nimepakia na kupakua mizigo ghalani tangu ujanani, na sasa nimevuka hamsini. Vijana wa kazini huniuliza kama nao kiuno kitawaisha wakifika umri wangu. Nawaambia umri tunausingizia mengi. La kuangalia zaidi ni jinsi unavyoushika mzigo.

Sehemu ya chini ya uti wa mgongo ina pingili 5, na kati ya pingili na pingili ipo diski: nje ukingo wa nyuzi ngumu, ndani ute uliojaa maji. Miaka ikienda, ute hupungukiwa maji na ukingo hupata nyufa. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, hivyo ikichanika hupona taratibu mno. Zinazoumia mara nyingi ni mbili za chini kabisa. Ute ukitokeza ukabana neva, maumivu hushuka kutoka kwenye kalio hadi mguuni, pengine na ganzi.

Hata hivyo, picha ya MRI, kipimo cha mashine kinachoonyesha ndani ya mwili, isikutie hofu. Uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2015 ulihusu watu wasioumwa mgongo kabisa: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Daktari anayesoma picha bila kukupima mwili, kwangu mimi, kaacha nusu ya kazi.

Sasa mzigo wenyewe. Kanuni ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inaanzia kikomo cha kilo 23, tena mazingira yakiwa mazuri kabisa. Mikono ikifika sentimita 63 mbele ya vifundo vya miguu, kiwango hicho hushuka chini ya kilo 10. Ndiyo maana sichoki kuwaambia wauvute mzigo kifuani kwanza, kabla ya kuunyanyua. Wimbo wa "kunja magoti" kila mtu anaujua, lakini ukikunja magoti huku boksi liko mbali, kiuno bado kinaumia. Na ukitaka kugeuka, geuza miguu, usisokote kiuno.

Asubuhi pia ina mambo yake. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, tukaamka warefu kidogo kuliko tulivyolala, na kuinama saa hiyo huzikaza zaidi. Saa ya kwanza baada ya kuamka nakwepa mizigo ya chini sakafuni, hata msimamizi akinuna.

Kiuno kikikamata, usilale kitandani siku nzima. Tembea kidogo kidogo kadiri unavyoweza. Ila ukihisi ganzi msambani au sehemu za siri, mkojo ukikwama au kukutoka bila kujua, au miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Neva zilizobanwa namna hiyo zikicheleweshwa, ulemavu unaweza kuwa wa kudumu.