Mtandao Uliotengwa na Intaneti Huvujishaje Siri?

SWALI: Ninasomea usalama wa mifumo ya kompyuta. Tumefundishwa kwamba mitandao ya kijeshi yenye siri hutengwa na intaneti na taarifa zake husimbwa, yaani hugeuzwa zisisomeke bila ufunguo. Inakuwaje basi nyaraka kwa maelfu zinatoka nje? Je, dawa ni kuwabana zaidi wafichua maovu?

JIBU: Ulichofundishwa ni sahihi, ila kutenga mtandao ni kinga dhidi ya mtu wa nje, ilhali uvujaji unaouzungumzia hufanywa na watu walio ndani tayari, wenye vibali na maneno ya siri halali. Usimbaji nao hausaidii hapo, kwa kuwa mfumo humfungulia waraka kila anayetambuliwa kuwa ana ruhusa ya kuusoma.

Chukua mkasa wa Chelsea Manning, mchambuzi wa taarifa za kijasusi wa jeshi la Marekani nchini Iraq. Mwaka 2010 alinakili nyaraka kutoka SIPRNet, mtandao wa siri ambao haujaunganishwa na intaneti, akitumia diski za kawaida. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliingia na diski ya muziki, akafuta nyimbo, kisha akajaza nyaraka. Zaidi ya 700,000 zilitoka, zikiwemo barua za kibalozi 251,287, na hakulazimika kuvunja kufuli lolote. Upana huo wa ruhusa una chanzo chake: baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, idara za Marekani zililaumiwa kwa kunyimana taarifa, hivyo milango baina yao ikapanuliwa. Sidhani kosa lilikuwa kushirikiana. Kosa lilikuwa kwamba mchambuzi wa masuala ya Iraq aliweza kupakua kwa wingi barua za balozi za dunia nzima, na mfumo usishtuke.

Kwa hiyo ruhusa ifuate kazi ambayo mtu anaifanya leo, wala si cheo au kibali pekee. Upakuaji wa wingi usio wa kawaida usimamishwe hapo hapo. Na kumbukumbu za matumizi, yaani nani alifungua nini na lini, zihifadhiwe mahali ambapo hata msimamizi wa mfumo hawezi kuzifuta. Jambo hili la mwisho ni zito, maana Edward Snowden, aliyetoa nyaraka za NSA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 2013, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mkataba mwenye ruhusa za msimamizi. Baada yake NSA iliamua kwamba kazi nyeti za wasimamizi zifanywe na watu wawili pamoja. Hata hivyo, kumbukumbu hazifai kitu zisiposomwa, na onyo halifai kitu lisipofuatiwa na hatua. Jack Teixeira, fundi wa mitandao katika kikosi cha anga cha akiba cha Massachusetts, alionywa na wakubwa wake mwaka 2022 lakini akaachiwa ruhusa zake. Alikamatwa Aprili 2023, siri zikiwa zimekwisha kusambaa. Yeye hakuwa akifichua uovu, kwani siri hizo alizipeleka kwa marafiki zake wa mtandaoni.

Hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Kumweka Teixeira kapu moja na mtu aliyeona sheria ikivunjwa ni kosa la kiusalama pia, kwa sababu huyu wa pili angeweza kubaki ndani ya mfumo kama angesikilizwa. Thomas Drake wa NSA alipeleka malalamiko yake kwa wakaguzi na kwa kamati za Bunge kabla ya kuzungumza na mwandishi wa habari. Mwaka 2010 alishtakiwa kwa sheria ya ujasusi ya mwaka 1917, na mwaka uliofuata mashtaka mazito yakaanguka, likabaki kosa dogo la kutumia kompyuta kupita ruhusa. Snowden amesema wazi kwamba yaliyompata Drake yalikuwa funzo kwake. Kila mlalamikaji anayeadhibiwa kwa kufuata utaratibu huwafundisha wenzake kuukwepa.

Kwa hiyo, unapobuni mfumo, ihesabu njia ya malalamiko kuwa sehemu ya ulinzi wake: iwe nje ya mamlaka ya mkuu anayelalamikiwa, ipokee nyaraka za siri bila kuzitoa katika mtandao salama, imfikie pia mfanyakazi wa mkataba, na wasimamizi wa kawaida wasiweze kuona ni nani aliyeitumia.