Katavi pamoja na familia: subirini kiangazi kikolee

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba familia yako ina wiki moja ya likizo, kwamba Serengeti na Ngorongoro mmeshaziona, na kwamba sasa mnatafuta hifadhi isiyo na misururu ya magari, ambako watoto wataona wanyama na pia kujifunza jinsi wenyeji wanavyoishi. Umeuliza kama Katavi, hifadhi ya taifa iliyo magharibi mwa Tanzania, inastahili mwendo mrefu kiasi hicho. Nimeishi na kufanya kazi Mpanda, mji ulio jirani na hifadhi, kwa miaka kadhaa, na jibu langu ni kwamba inastahili, ila kwa sharti moja: mwende mwishoni mwa kiangazi, yaani Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Sharti hilo linatokana na maji. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1974, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na sehemu yake kubwa ni msitu wa miombo ambamo mtu anaweza kuendesha gari kwa muda mrefu bila kuona mnyama. Wakati wa mvua, mbuga za Katisunga na Chada, yaani tambarare za majani zilizo ndani ya hifadhi, hujaa maji, udongo wake mweusi hunasa magari, na wanyama hutawanyika porini kwa kuwa maji yako kila mahali. Kiangazi kinapokolea, ziwa Katavi na ziwa Chada hunywea hadi kubaki majani makavu na tope lililopasuka, na hapo nyati, tembo, pundamilia na twiga hulazimika kuufuata mto Katuma. Simba nao wanalijua hilo, ndiyo maana huwakosi kandokando ya mto.

Tengeni asubuhi nzima kwa ajili ya Katuma, hasa eneo la Ikuu, wala msipite haraka. Mto unapopungua, viboko ambao mvua zilikuwa zimewatenganisha hujikuta wamebanana katika madimbwi machache, migongo imegusana, na tope lililokaukia juu ya ngozi zao limepasuka vipandevipande. Dume mmoja akijaribu kusogea, dimbwi zima hulipuka kwa mikoromo, midomo hufunguka, na utaona makovu mapya na ya zamani ubavuni mwa karibu kila dume. Tazameni pia kingo za mto: yale mashimo meusi yaliyo kwenye ukuta wa udongo ni mapango ya mamba, wanaojihifadhi humo dhidi ya joto wakingoja mvua, na ukitulia kidogo utaona pua au mkia wa mmoja wao mlangoni. Watoto wangu walikuwa wakiulizana ni mamba wangapi wamo ndani, na kwa kweli hakuna aliyeweza kuwajibu.

Hapo hapo mtoni ndipo ningependa muwaeleze watoto habari za wenyeji, kwa sababu maji hayo yanapita kwanza kwenye bonde la mpunga lililo karibu na Mpanda, kisha yanaingia hifadhini, na mwisho yanaelekea ziwa Rukwa kupitia nchi ya Wapimbwe. Mkulima anayechepusha maji juu anatafuta chakula cha familia yake, lakini madimbwi ya Ikuu yanapokauka mapema, chanzo kimojawapo ni hicho. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko mengine yote yanayosemwa kuhusu Katavi, na anayeondoka bila kulielewa ameona wanyama tu.

Kuhusu utamaduni, msitarajie ngoma za kuchezewa watalii. Karibu na ziwa Katavi upo mkwaju ambao wenyeji, hususan Wapimbwe na Wabende, wanaamini kuwa unakaliwa na mzimu wa mwindaji wa kale aitwaye Katabi, na ndiye aliyeipa hifadhi jina. Watu bado hupeleka sadaka chini yake kuomba baraka. Askari aliyetuongoza alituomba tupunguze sauti na tusiguse chochote kilichowekwa pale, nasi tukatii. Nawaomba nanyi mfanye vivyo hivyo, kwani hiyo ni ibada ya watu. Mkipata siku ya ziada, nendeni Inyonga, upande wa mashariki, kwa Wakonongo, ambako ufugaji wa nyuki ni kazi ya vizazi na mizinga huning'inizwa juu ya miti ya miombo. Asali yake ni nzito na ina rangi ya kahawia iliyoiva. Nunueni kwa wafugaji wenyewe.

Sasa mambo ya safari. Mpanda inafikika kwa basi kupitia Mbeya na Sumbawanga, au kupitia Tabora, na pia kwa treni ya Reli ya Kati inayochepukia Kaliua. Lango la Sitalike liko umbali wa kilomita 35 hivi kusini mwa Mpanda. Jazeni mafuta na nunueni chakula mjini. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote.

Jambo la mwisho ni mbung'o, ambao ni wengi sana miomboni na kuumwa nao kunauma kweli. Huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, kwa hiyo wote mvae kaki au rangi ya majani makavu, mikono mirefu, na mfunge vioo mnapopita msituni. Mkifika mbugani penye upepo watapungua, na hapo mnaweza kufungua vioo. Mmoja wenu akipata homa baada ya kurudi, mwelezeni daktari kwamba mlikuwa kwenye mbung'o, ili apime malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, pamoja na malaria.