JIBU: Mdogo wangu kapanda meli, nimwandikie nini?

Mkuu, nimesoma swali lako usiku. Dogo ana miaka 21, kapanda meli ya mizigo juzi juzi, na kila ukimtumia mawaidha anakujibu "sawa kaka", basi. Unataka kujua umwandikie nini asipotee. Mimi nilipanda meli mwaka 1987 nikiwa na umri huo huo, kijana wa Tanga, na aliyenishika mkono ni maalim wangu wa chuo cha Kurani. Kwa barua tu.

Simu za mkononi hazikuwapo. Barua alizituma kwa wakala wa meli katika bandari tuliyotazamiwa kufika, na safari ikibadilishwa, barua inabaki kutufuata nyuma. Ya nane niliipata kabla ya ya tano. Ndiyo maana alizitia namba pembeni juu, na mimi nikaiga.

Tatu za mwanzo zilikuwa kama hizo zako. Usinywe, usizini, swali, mche Mungu. Nilizikunja nikazisukumia chini ya godoro. Mtu aliyekwangua kutu kutwa nzima na usiku ana zamu, kwamba pombe ni haramu anajua tangu yuko kwao. Asilojua ni ataswali vipi meli ikilalia ubavu huu mara ubavu ule, na kibla hakitulii.

Nikamwandikia hilo, kwa hasira kidogo. Jibu likaja kurasa nne. Msafiri hupunguza swala ya rakaa nne ikawa mbili. Adhuhuri na alasiri aweza kuzikusanya. Aanze ameelekea kibla, meli ikigeuka naye ageuke akiweza, na mawimbi yakimshinda kusimama aswali ameketi. Mimi kupunguza nilikuona uvivu (nilikuwa nimeziacha zote, lakini kupunguza naona haya!). Akaninukulia hadithi: hiyo ni sadaka Mwenyezi Mungu aliyowapa, basi ipokeeni. Akaongeza ile ya mtu aliyemwambia Mtume kwamba wao hupanda bahari na maji kidogo, wakiyatawadhia watashikwa na kiu. Akajibiwa kuwa maji ya bahari ni twahara na mfu wake, yaani samaki aliyefia humo, ni halali.

Chini kabisa akauliza: "Na nyinyi humo melini, maji ya kunywa mnayaweka wapi?" Mzee hakuwahi kupanda chombo kikubwa kuliko jahazi la Pemba. Nilimjibu kurasa tano, habari za matangi tu. Tangu hapo nikawa namwandikia hata nisipokuwa na swali.

Mwaka wa pili nilipoteza mshahara wa miezi mitatu katika bandari moja, kwa mambo ambayo sitayasema hapa. Nilimweleza nusu, nikakaa nasubiri radi. Akaniandikia kwamba yeye ujanani alikula pesa za kununulia mikeka ya chuo, akazilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili bila mtu kujua. Mzee wa kilemba ananipa mimi siri ile! Sikumwambia mtu hadi alipofariki.

Sasa wewe. Meli nyingi siku hizi zina intaneti, na hapo ndipo mnapoharibu: mawaidha saa mbili asubuhi, mengine saa tatu, video ya shehe au mchungaji saa nne. Punguza. Mtumie sauti yako mara moja kwa wiki, siku ile ile, azoee kuingoja. Mwambie bati linavuja, nani kaposa, na wewe mwenyewe umekosea wapi. Muombe ushauri wa jambo la kweli, si la kumfurahisha. La dini lije akiuliza, na likija liwe la kumfaa pale alipo.

Dini yenu hukuisema. Kama ni Wakristo, Zaburi ya 107 kuanzia aya ya 23 inawataja mabaharia wenyewe na dhoruba yao. Pia mwambie asipite mbali na nyumba za mabaharia bandarini. Ile taasisi ya Waanglikana iliyoanza mwaka 1856, Mission to Seafarers, ina yake hata Mombasa. Mimi Mwislamu nimekunywa chai katika nyumba za namna hiyo bandari kadhaa, na hakuna aliyeniuliza jina la baba.

Leo usimtumie mawaidha. Muulize mpishi wao ni mtu wa wapi, na Ijumaa huwapikia nini.