Trekta ya ndoo mbele: angalia nyuma kwanza

Wadogo zetu mnaoanza kuendesha trekta kwenye mashamba ya njia ya Kipushi, Likasi au Kasumbalesa, huku Katanga nchini Kongo, macho yenu yote huwa kwenye ndoo. Lakini kuanguka kwa trekta hii huanzia upande wa nyuma, pale magurudumu makubwa yanapopungukiwa na uzito, na wewe uliyekaa juu hujasikia kitu.

Pigeni hesabu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina kilo 1,600 hivi, kwa hiyo ndoo ya nusu mita inabeba kilo 800. Tuseme katikati ya mzigo iko mita 1.8 mbele ya eksele ya mbele, na kutoka eksele hadi eksele ni mita 2.2. Zidisha 800 kwa 1.8, gawa kwa 2.2: nyuma imepoteza kilo 655. Dawa yake si ngumu. Pipa la lita 200 lililojazwa beto (zege) lina kilo 480 hivi. Likifungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile ya kushikia jembe la trekta, mita moja nyuma ya eksele, linarudisha kilo 698 na kuipunguzia eksele ya mbele zaidi ya kilo 200. Fungeni kwa pini nzima zenye klipu. Kamba hapana.

Sasa mvua za Novemba zinaanza. Mchanga uleule ukiloa hufika kilo 1,900 kwa mita ya ujazo, ndoo ileile inakuwa na kilo 950, na nyuma inapoteza kilo 777. Pipa la jana halitoshi tena, jaza ndoo robo tatu. Kumbukeni pia kwamba ndoo tupu yenyewe ina uzito, nao mara nyingi unahesabiwa ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine.

Na kwa nini trekta hii hupinduka ubavu pia? Eksele ya mbele imeshikwa na pini moja katikati ili icheze na mashimo. Trekta basi inasimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na pini hiyo. Mzigo wa mbele unavuta uzito kwenye ncha nyembamba ya pembetatu, na ukiinua ndoo unaupandisha juu pia. Gurudumu moja likiingia shimoni wakati unakata kona, imekwisha. Ndiyo maana mzigo husafiri chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, na huinuliwa tu ukiwa umesimama mbele ya lori, kwenye udongo tambarare. Kabla ya kuinua, tazama juu kama kuna waya za umeme za SNEL.

Kwenye mteremko, trekta nyingi zina breki nyuma tu, yaani kwenye magurudumu yaleyale yaliyopungukiwa uzito. Panda ukitazama mbele, shuka kinyumenyume, mzigo ukae upande wa mlimani. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, weka magurudumu manne yavute ili na ya mbele yasaidie kuzuia, na usikanyage klachi njiani. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja.

Ukanda wa kiti ufungwe upinde wa chuma, ule unaomkinga dereva trekta ikipinduka, ukiwa umesimama. Trekta isiyo na upinde haifungwi ukanda, na kwa maoni yetu haifai kupewa ndoo kabisa.

Kuhusu vichuguu: udongo wake ni mzuri kwa matofali, na kila mtu anautaka. Lakini kichuguu cha mita 5 hakichimbwi kwa ndoo ya trekta kutoka chini. Kilele kitashuka juu ya boneti na juu yako. Wenye majembe waangushe kutoka juu, wewe uzoe kilichoanguka, nao wakiwa wameshuka na kusimama mbali.

Magunia yana ujanja wake. Kwenye mikono mingi ya kuinulia ndoo, ndoo hujipinda kuelekea kwa dereva kadiri inavyopanda, na gunia la juu huteremka juu ya mikono hadi kwenye usukani. Inua kidogo, inamisha ndoo mbele kidogo, inua tena. Mtu hapandi ndani ya ndoo, hata kama ni kuchuma maembe.

Kusimama: shusha ndoo hadi chini, zima injini, kisha sogeza vishikio vyote kutoa shinikizo, toa ufunguo. Ile nafasi ya kishikio inayoacha mikono ielee juu ya ardhi usiiguse ndoo ikiwa juu: itadondoka yote kwa mara moja.

Mpira unaopitisha mafuta ya kuinulia ndoo ukivuja, usiupapase kwa mkono. Pitisha kipande cha katoni. Mafuta hayo hutoka kwa shinikizo linaloweza kutoboa ngozi, na jeraha huonekana dogo kama la mwiba, bila maumivu mengi mwanzoni. Mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kuwa ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia, kwa sababu jeraha linahitaji kupasuliwa na kusafishwa haraka.