Maswali ya wasomaji: Nani anailipia michezo?

Nimesikia Marekani haina wizara ya michezo. Medali zote zile zinalipiwa na nani? (Msomaji, Kizota, Dodoma)

Ni kweli, haina. Kamati yao ya Olimpiki, iliyokabidhiwa kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 1978, huishi kwa wadhamini, michango na haki za matangazo ya televisheni. Ila usidhani serikali haimo kabisa. Mwogeleaji wa miaka 19 hufundishwa na kocha wa chuo ndani ya bwawa la chuo, na vyuo vingi ni vya majimbo. Sheria ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopokea fedha za serikali, ndiyo iliyowafungulia wasichana mlango huo.

Sisi tuna UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, lakini mashindano ya siku chache hayamlei mwanariadha mwaka mzima. Kwetu mzigo huo wameubeba sana majeshi. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ. Mshahara wa mwisho wa mwezi nao ni ufadhili, hata kama hatuuiti hivyo.

Uingereza iliambulia dhahabu moja Atlanta 1996, na miaka 20 baadaye ikashika nafasi ya pili. Walifanyaje? Na sisi tunaobeti kila siku tunakwama wapi? (Msomaji, Kondoa)

Bahati nasibu ya taifa ilianza huko mwaka 1994, na kuanzia 1997 sehemu ya mapato yake ikaelekezwa kwa wanamichezo wa ngazi ya juu kupitia chombo kimoja, UK Sport. Mwanamichezo hupokea posho ya kujikimu mwenyewe. Kocha na vifaa hupitia chama chake. Chama nacho hupangiwa fungu kwa mzunguko wa Olimpiki, kwa kuangalia medali zinazotarajiwa. Rio 2016 wakarudi na medali 67, 27 za dhahabu.

Bei yake wakaijua wacheza kikapu. Mwaka 2014 mchezo wao ulifutiwa fungu hilo kwa kukosa dalili za medali, ingawa vijana wa mitaani wanaoucheza ni wengi kuliko wapanda farasi, ambao waliendelea kulipiwa.

Norway wamekwenda njia nyingine. Asilimia 64 ya faida ya Norsk Tipping, kampuni ya serikali ya bahati nasibu, huenda kwenye michezo, na sehemu kubwa hujenga viwanja na kusaidia vilabu vya mitaani. Mtoto hawekwi kwenye msimamo wa ligi kabla ya mwaka anaotimiza miaka 11. Ni nchi ya watu wasiofika milioni 6, na iliondoka Beijing 2022 na dhahabu 16 za Olimpiki ya majira ya baridi.

Kwetu, sehemu ya kodi ya kubeti huingia Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, kwa hiyo chanzo tunacho. Swali la kumuuliza mbunge wako ni la mgawanyo: timu za taifa ngapi, vyama vidogo ngapi, viwanja vya wilaya ngapi, na kanuni ijulikane kabla fedha hazijatoka. Mgawanyo usiojulikana mapema huishia kwa mwenye sauti kubwa, na kwetu mwenye sauti kubwa ni soka.

Kwa nini waziri asiwang'oe tu viongozi wabovu wa chama cha mpira? (Msomaji, Manyoni)

Kenya walijaribu Novemba 2021. Februari 2022 FIFA, isiyoruhusu serikali kuingilia vyama vya mpira, ikawafungia, na kifungo kilidumu hadi Novemba. Harambee Stars, timu yao ya taifa, wakaenguliwa kwenye mbio za kufuzu AFCON.

Tuna wasichana 20 wanaokimbia. Tuanzie wapi kupata msaada? (Mwalimu, Chamwino)

Mwalimu, anza na karatasi. Klabu husajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Andaa katiba, muhtasari wa kikao kilichoipitisha, mahudhurio yenye sahihi na majina ya viongozi, kisha umwone Afisa Michezo wa halmashauri. Maombi hukwama kwa vitu vidogo: jina la klabu kwenye katiba halifanani na la kwenye muhtasari, au katiba imenakiliwa ya timu ya mpira na bado ina kifungu cha magolikipa.

Halmashauri usiiombe fedha kwanza, iombe ardhi. Ufaransa viwanja vingi ni vya manispaa, na klabu yenye usajili hupangiwa saa zake. Nawe omba kwa barua saa za uwanja wa shule, ujibiwe kwa barua.

Njia ya mita 400 mtaichora wenyewe. Pande mbili zilizonyooka ni mita 84.39 kila moja. Kwenye nusu duara wengi hutumia kamba ya mita 36.50, kipimo cha njia yenye ukingo ulioinuka. Njia yenye mstari wa chokaa tu hupimwa sentimita 20 nje ya mstari huo, kwa hiyo kamba hiyo itakupa mita 399.37 na muda wa wasichana wako utakuwa wa uongo. Weka 36.60, na badala ya katani, inayotanuka ikivutwa, tumia waya.