Jibu: Karatasi kubanduka, na pa kuanzia

Ndugu, umeuliza kwa nini vipande vya gazeti vinabanduka kwenye turubai ya kuchorea, na mtu huanzaje mchoro dhahania, yaani usioonyesha kitu halisi.

Nadhani unapaka gundi upande mmoja tu. Paka turubai, laza karatasi, kisha paka tena juu yake, ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Gazeti litageuka manjano baadaye kwa sababu ya asidi. Mimi nalipenda hivyo, ila mnunuzi ajue. Na ukichanganya rangi, akriliki (ile ya kuchanganywa na maji) hutangulia, ya mafuta hufuata juu yake. Ukigeuza, akriliki haitashika.

Kuanza? Mimi sianzi na wazo, naanza na vitu: gunia, leso iliyochakaa, mabati yenye kutu ya pale Kamukunji, kwa mafundi wa mabati jijini Nairobi (bei mpatane, usikubali ya kwanza). Navitandaza sakafuni, nahamishahamisha mpaka viwili vianze kugombana. Hapo rangi inaingia. Paka gunia rangi nyeupe nyepesi, ulifute kwa kitambaa kabla halijakauka: rangi inabaki kwenye mashimo, nyuzi zinajitokeza. Brashi pekee haikupi umbile hilo. Mabati yafunge kwa waya unaopenya turubai, na kutu uipake vanishi kwanza, la sivyo itachafua rangi za jirani.